Kifungu cha Tisa

Katika nyumba yangu karatasi haitiwi sahihi kabla haijasomwa na watu wawili. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hufuata kwa kidole mstari kwa mstari, kisha hubadilishana. Utaratibu huo niliupata chuo cha ualimu, kwa mkufunzi ambaye hakuamini hata risiti ya sabuni, nami nimeushika kwa miaka hamsini na mitatu. Wakwe zangu wamenicheka. Mchungaji alinuna siku nilipomtaka asome mara mbili cheti cha ndoa ya mwanangu mbele ya wageni wenye njaa.

Fomu ya Kituo, wale watengenezaji wa tando za kusomea, ililetwa Jumanne asubuhi na kile chombo kirukacho kinachogawa barua huku Tukuyu siku hizi. Kiliiacha barazani ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu ya mvua, kikaondoka kikivuma kuelekea kwa jirani. Sheria inadai kwamba ridhaa ya mzazi iandikwe katika karatasi halisi, isomwe nyumbani, na itiwe sahihi mbele ya mtaalamu. Mtaalamu angefika kesho yake saa nne. Iwapo binti yangu Atupele angetia sahihi, mjukuu wangu Bupe, mwenye umri wa miaka tisa, angepandikizwa tando za kudumu katika macho yote mawili kabla ya Jumapili.

Tando za majaribio alikuwa amekwisha kuzivaa kwa miezi mitano. Ni vitu vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kila asubuhi alivibandika juu ya mboni kwa ncha ya kidole, na kila jioni alivivua. Kabla ya hapo hakuweza kusoma jina lake mwenyewe juu ya daftari bila kutokwa na jasho. Sasa hakuna maandishi yaliyopona mbele yake: mifuko ya mbolea, matangazo ya mazishi, maelekezo ya dawa ya mafua.

"Bibi, unajua kwamba chumvi hii imeongezwa madini joto?"

"Ninajua."

"Na isiwekwe juani!"

"Bupe, kunywa uji."

Nilimpa Atupele fomu, nikakaa kando yake, nikaweka kidole changu chini ya mstari wa kwanza. "Haya. Soma."

Alisoma vizuri. Hilo peke yake lilinishtua kidogo, kwa maana Atupele hakuwa mtu wa karatasi. Ni fundi cherehani, na maisha yake yote amekuwa akinisukumia barua akisema, "Nisomee, Mama, mikono yangu ina mafuta ya mashine." Asubuhi hiyo sauti yake ilitiririka. Kifungu cha kwanza hadi cha nane vilipita, na kidole changu hakikupata sababu ya kusimama.

Kisha akasoma: "Kifungu cha tisa. Kituo kitazitunza tando za mtoto na kuziboresha mara kwa mara ili asome kwa urahisi."

Kidole changu kilisimama. Chini yake palikuwa na mistari sita.

"Rudia kifungu hicho."

Alikirudia, neno kwa neno, vilevile.

"Rudia tena."

"Mama, una nini leo? Nimesoma mara mbili." Naye akacheka na kumkonyeza binti yake. "Bibi yako amezeeka masikio."

Sikucheka. Nilikuwa ninasoma kimya yale yaliyokuwa yameandikwa: *Kituo kitakuwa na mamlaka ya kufupisha, kubadili au kuondoa maandishi yoyote yanayopita mbele ya macho ya mvaaji, pasipo kumwarifu mvaaji wala mzazi wake, endapo kitaona kwamba maandishi hayo yanamlemea; na mzazi anatambua kwamba tando, zikishashikana na mishipa ya macho baada ya miezi kumi na miwili, haziwezi kuondolewa tena.*

Ilikuwa zamu yangu ya kusoma kwa sauti. Badala yake niliikunja fomu, nikaitia katika mfuko wa kanga yangu niliyoishonea mfuko kwa kazi kama hizo.

"Bupe," nilisema, "nenda ukawaangalie kuku."

*

Niliufunga mlango wa jikoni. Nilimwamini Atupele kwa mambo mengi, lakini nilifahamu pia jinsi alivyomhangaikia mtoto yule, na mzazi anayehangaika huweza kuruka mistari sita bila kupepesa jicho.

"Nani amekufundisha kunidanganya mezani pangu?"

"Nimekudanganya nini?"

Nilimsomea kifungu cha tisa chote. Alinitazama kama mtu anayetukanwa kwa lugha ngeni. Alininyang'anya fomu, akaitazama, na mimi nikayatazama macho yake. Yalikwenda hadi mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo. Yakaenda, yakarudi. Mara ya tatu yalirudi, kisha yakateremka kwa wepesi kana kwamba mlango umefunguliwa.

"Hayo hayamo humu, Mama."

Nimekaa mbele ya watoto waongo miaka thelathini na saba. Uso ule haukuwa wa mwongo. Nikamsogeza karibu na dirisha, nikaishika taya yake kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa na matongotongo, na nikaona pembeni ya mboni duara jembamba linalometa. Duara lile lile nililoliona kila asubuhi machoni mwa Bupe.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Wewe ni mtu mzima. Unasoma. Unayavalia nini madude ya watoto?"

Alijitoa mikononi mwangu, akakaa juu ya gunia la mkaa, jambo nililokwisha kumkataza mara mia. Sikumkataza.

"Sijawahi kusoma, Mama. Hata siku moja."

"Usiseme upuuzi. Nilikufundisha mwenyewe. Darasa la pili, dawati la mbele."

"Tulikuwa wanne kwa kitabu kimoja. Mimi nilikaa mwisho, kitabu nilikiona kimelala ubavu. Alianza Sekela, akafuata Nsajigwa, akafuata yule mtoto wa karani. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimekwisha kukijua chote kwa kusikia. Nilisimama, nikakishika, nikakiimba." Alinitazama. "Uliliambia darasa zima linipigie makofi. Wakanipigia makofi ya kilo, unakumbuka? Moja, mbili, tatu, pa!"

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba Nsajigwa hakupata makofi hata siku moja. Yeye alipata fimbo, kwa sababu alikuwa na macho kama ya Atupele na hakuwa na masikio kama ya Atupele.

"Na barua zako za chuo cha ushonaji?"

"Aliandika Sekela."

"Na somo la Pasaka, pale madhabahuni? Watu walilia!"

"Ulinisomea wewe Jumamosi ile mara tatu, ukisema unanirekebisha matamshi."

Nilikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sisi walimu wa zamani tulikuwa tukisikiliza midomo, hatukuyatazama macho. Mtoto aliyetamka sawasawa alikuwa amesoma, basi.

"Herufi zinakuwaje?" nilimwuliza hatimaye. "Zina ukungu?"

"Hazina ukungu hata kidogo. Naziona kama ninavyoliona tundu la sindano. Hazikai tu. Jicho hili linatua hapa, hili linatua pale, na mistari inapandiana. Nikishika neno moja, jirani yake anajipenyeza ndani." Alipangusa pua kwa mkono wa blauzi. "Kituo walinipima. Wakasema macho yenyewe ni mazima kabisa. Matata yako njiani, kati ya jicho na ubongo. Tando zinazituliza herufi, zinaziachanisha, zinafifisha mistari ya juu na ya chini ili ubaki mmoja. Siku ya kwanza nilisoma CHOO kwenye mlango pale stendi, nikasimama nikalia. Mlinzi akadhani nimebanwa."

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka. Kisha nikakumbuka mistari sita, na kicheko kikakoma.

*

Atupele alikuwa na kijitabu cha maelekezo alichopewa na Kituo. Nilikisoma mchana ule kwa macho yangu na miwani yangu ya kawaida, kuanzia jalada la mbele hadi jina la mpiga chapa. Kutuliza herufi kulielezwa kurasa ishirini, kwa picha na rangi. Katika ukurasa wa thelathini na moja, chini, palikuwa na aya moja kuhusu kitu kilichoitwa msaada wa pili. Tando, aya hiyo ilisema, hupima mwendo wa macho ya mvaaji. Macho yakirudi mara tatu juu ya sentensi ileile, tando huichukulia sentensi hiyo kuwa mzigo, huipunguza, na kumwonyesha mvaaji kilicho muhimu peke yake.

Kilicho muhimu. Nani ameamua?

Nilichukua karatasi safi na kalamu ya wino, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: *Leo jioni, endapo mvua itakuwa imekatika na mama yako atakuwa amemaliza sare za kwaya, isipokuwa nikiwa nimebadili nia kwa sababu ya tabia yako, tutachinja kuku.* Nikamwita Bupe.

Nilikuwa nikiyatazama macho yake tu. Yalikwenda na kurudi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha uso ukamng'aa.

"Leo jioni tutachinja kuku!"

"Ni hayo tu?"

"Ndiyo, Bibi! Mama! Mama, Bibi ameandika leo tunachinja kuku!"

"Yupi?" Atupele aliuliza kutoka chumba cha cherehani.

"Yule jogoo anayedonoa watu!"

Akatoka mbio. Nikamwonyesha Atupele karatasi ileile bila kusema kitu. Alisoma: "Leo jioni tutachinja kuku." Kisha akaniona nilivyokaa. Akaenda kwenye karai, akanawa mikono, akazivua tando zake, na kurudi akipepesa macho.

"Sasa nisomee wewe."

Nilimsomea sentensi nzima. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nitajuaje kwamba ndivyo ulivyoandika?"

"Atupele! Mimi ni mama yako."

"Najua. Nikizivaa, Kituo kinanisomea. Nikizivua, unanisomea wewe. Ninakuuliza tu, Mama: nitajuaje?"

Swali hilo sikulipenda. Nilimwambia kwamba kwa vyovyote fomu haitatiwa sahihi.

"Nitaitia," alisema.

"Baada ya haya yote?"

"Wewe hujawahi kusimama dukani ukijifanya unachagua ilhali unasubiri mtu mwingine alitaje jina la dawa. Hujawahi kumpa mtoto wako mwenye homa kijiko, huku ukiomba Mungu kiwe ndicho. Afadhali asome nusu, Mama, kuliko kutosoma kabisa."

"Nusu ipi? Tando hazikukata nusu ya mwisho, wala ya mwanzo. Zimekata *endapo*. Zimekata *isipokuwa*. Mtu anayeondolewa hayo mawili unaweza kumwuzia chochote, kumtia popote, na atakushukuru. Na baada ya mwaka mmoja hazitoki tena machoni mwa Bupe. Atakuwa na miaka sitini, mimi na wewe hatupo, na kila mkataba utakaopita mbele yake utamwambia: *tutachinja kuku*."

"Labda Kituo hakina nia mbaya."

"Labda. Mtu mwenye nia njema huficha nia yake katika kifungu cha tisa?"

Alirudi kwenye cherehani, nayo ikanguruma hadi jioni. Jogoo tulimchinja, kwa sababu mtoto alikuwa ameahidiwa na mwandiko wangu mwenyewe.

*

Mtaalamu alifika Jumatano saa nne kamili, jambo lililonipa mashaka zaidi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, jina lake Lusekelo, mwenye adabu, mwenye mkoba wa kijani na buti zilizojaa tope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Futa miguu."

Aliifuta. Nilimkalisha mezani, Atupele mbele yake, Bupe ubavuni mwa mama yake akiwa amevaa gauni la Jumapili bila kuambiwa na mtu. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Atupele. Niliifunua fomu.

"Kabla ya sahihi, Bwana Lusekelo, hapa tunasoma. Nisomee kifungu cha tisa."

"Bila shaka." Aliivuta fomu. "Kituo kitazitunza tando za mtoto na kuziboresha mara kwa mara ili asome kwa urahisi."

Nilidhani nimemkamata. Nilikuwa nimemwandalia maneno usiku kucha: tapeli, mnyang'anyi, mla macho ya watoto. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda na kurudi mara tatu, kisha akasoma akitabasamu, na pembeni ya mboni zake nikaliona duara.

"Wewe pia una tatizo la kusoma?"

"Mimi? Hapana, Mwalimu!" Alicheka. "Sisi wafanyakazi wote tunavaa. Ripoti zetu ni ndefu, zinatumaliza macho. Ukiwa nazo unamaliza kazi ya siku nzima kabla ya saa sita."

"Zivue."

"Samahani?"

"Maji yako pale, sabuni iko pale. Zivue, usome tena."

Alimtazama Atupele kama anayeomba utetezi. "Mkubwa akishasema katika nyumba hii, Kaka, hatubishani," Atupele alisema. "Hata mkwe alivua viatu."

Alikwenda kunawa huku akitabasamu bado. Aliporudi aliinama juu ya fomu, na mimi nikahesabu. Macho yake yalipita mistari sita hadi mwisho. Yakarudi mwanzo, yakapita tena. Tabasamu halikuondoka ghafla; lilibaki mdomoni kidogo kama kitu kilichosahauliwa.

"Fomu hii imebadilishwa," alisema.

"Muhuri ni wa nani?"

Alipitisha kidole gumba juu ya muhuri. Ulikuwa wa Kituo, na sahihi ya shahidi chini yake, iliyowekwa mapema, ilikuwa yake mwenyewe.

"Nimezisomea familia mia mbili na kumi na nne," alisema polepole. "Makandana, Ushirika, Kiwira yote. Nimeketi kwenye meza zao. Nimewasomea mimi, kwa mdomo wangu."

Nilijikuta nimemsogezea kikombe cha chai ambacho sikuwa nimepanga kumpa.

Alikunywa mara moja, akafungua mkoba, akatoa kifaa chenye ukubwa wa kiberiti. "Sikilizeni. Kwenye hizi za majaribio ninaweza kuuzima msaada wa pili. Mtoto atabaki na ule wa kutuliza herufi tu. Hatafutiwa kitu. Nitawaachia, nitaandika kwamba majaribio yanaendelea." Alibonyeza. Taa ndogo ya bluu ilizimika. "Tayari."

Atupele alivuta pumzi. Nami, nakiri, nilitamani sana iwe kweli.

"Nani amekuambia kwamba taa ikizimika, na msaada umezimika?"

"Mwongozo wa kazi, Mwalimu."

"Uliusoma ukiwa umezivaa?"

Alikiweka kifaa mezani taratibu, kama kitu cha moto.

"Mama, tia sahihi," Bupe alisema. Alikuwa amechoka na watu wazima. "Mimi nazitaka za kudumu. Asha wa darasa letu anazo, na hazimtoki akioga."

Atupele alimgeukia. "Bupe, jana Bibi aliandika nini?"

"Leo jioni tutachinja kuku."

"Aliandika hivi: tutachinja endapo mvua itakatika, na endapo nitamaliza sare, isipokuwa abadili nia. Wewe hukuyaona hayo."

Mtoto alifikiri kwa bidii. "Lakini tulimchinja."

"Ndiyo, ila..."

"Kwa hiyo nilisoma sawa."

Kwa miaka yote niliyofundisha sijapata kusikia jibu lililonitia hofu kama lile. Alikuwa akitutazama kwa zamu, mimi na mama yake, akisubiri asifiwe. Atupele akaiweka kalamu mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi upande wa pili.

"Sitii sahihi," alisema. "Wala sitaki za kuzimwa taa. Zichukue."

Sitaeleza kilichofuata kwa urefu. Bupe alipiga kelele, alipiga teke meza, alisema kwamba Bibi ni mchawi. Mama yake ndiye aliyemshika, ndiye aliyezivua tando zile kwa ncha ya kidole chake, naye alikuwa akilia kuliko mtoto. Aliziweka katika kisanduku cha Lusekelo. Kisha akavua zake pia, akaziweka humo.

"Zako za watu wazima hazimo katika fomu hii, Dada," Lusekelo alisema. "Unaruhusiwa kubaki nazo."

"Najua."

Aliaga bila kuzirudisha zake machoni. Nilimwona akizitia katika mfuko wa shati. Pale getini alisimama mvuani, akatoa daftari la majina ya familia zile, akalifungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa bado amesimama pale nilipofunga dirisha.

*

Bupe hakunisemesha Jumatano, wala Alhamisi. Shuleni alirudishwa dawati la nyuma. Alipokuwa akinipita alishusha macho, na nilipomwita aliitika "Bee" ya sauti ndogo, sahihi kabisa kwa adabu, isiyo na kitu ndani yake.

Ijumaa alasiri aliingia na kitabu cha maktaba, akakidondosha mapajani mwangu.

"Nisomee. Nilifika hapa."

Kilikuwa kisa cha mtoto wa kike na mbwa wake, waliopotezana katika msitu wa mlimani wakati wa masika. Nilivaa miwani. Alikaa mkekani akiwa amenipa mgongo, ili nisidhani nimesamehewa. Nilisoma jinsi mtoto alivyoshuka bondeni akiita, jinsi alivyoiona kamba nyekundu kwenye kichaka. Jicho la mwalimu hutangulia mbele ya ulimi wake. Nami nilikuwa bado juu ya ukurasa nilipokwisha kuona kilichokuwa chini. Mbwa alikuwa amelala kando ya kijito, na hakuwa amelala.

Nilimtazama mtoto. Siku tatu alikuwa amelia. Shingo yake ilionekana nyembamba.

"Akamkuta," nilisema, "wakarudi nyumbani pamoja." Nikafunua ukurasa.

Mgongo ule ulinyooka. Kisha ukageuka.

"Bibi. Ukurasa ule ulikuwa umejaa mpaka chini."

"Ulikuwa na maelezo mengi tu."

"Umesoma kidogo sana." Hakuwa na hasira tena, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa akinichunguza kama mimi nilivyomchunguza Lusekelo. "Na wewe unafupisha?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Atupele alikuwa mlangoni akiwa na kipande cha kitambaa begani, akinisubiri.

Nilirudisha ukurasa. Nilianza pale nilipoachia, nikasoma mistari yote kumi na mmoja: maji, manyoya, inzi, na mtoto aliyekaa pale hadi akatafutwa. Sauti yangu haikuwa nzuri. Bupe alisogea hadi goti lake likagusa langu. Machozi yalimtiririka, naye hakuyapangusa.

"Ni neno lipi linalosema amekufa?"

"Ya nini, mwanangu?"

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Aliinama hadi pua yake ikakaribia karatasi, akafumba jicho moja, akafumba jingine. Alitia vidole vyake viwili, kimoja upande huu wa neno na kingine upande ule, akabana kana kwamba lingemtoroka. Tulisubiri. Ilikuwa kazi ndefu.

"Linaruka," alisema.

"Ninajua."

"Nyamaza, Bibi. Ninalisoma."